Kutoka milima ya Gusii hadi visiwani: Mambo ya kujua kabla ya kuzuru mbuga na hifadhi za majini

WAKAZI wa kaunti za Kisii na Nyamira wanaotaka kuona mbuga ya kitaifa hulazimika kuvuka mpaka wa kaunti zao, kwa sababu eneo zima la Gusii halina mbuga hata moja.

Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Kulingana na sensa ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 nayo Nyamira 605,576. Katika Kisii, msongamano ulikuwa wa zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na familia nyingi hutegemea vishamba vidogo vya chai, ndizi, mahindi na mboga.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yatosha kulinganisha na Mbuga ya Kitaifa ya Ruma iliyo katika kaunti jirani ya Homa Bay. Mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita 120 mraba. Lau ardhi hiyo ingekaliwa na watu kwa msongamano wa Kisii, ingebeba wakazi zaidi ya 110,000. Hivyo basi, kila mbuga iliyosalia nchini ni ardhi au maji ambayo wananchi wengine wamekubali, au wamelazimika, kuyaacha.

Hata hivyo, kutokuwa na mbuga nyumbani si sababu ya mkazi wa Gusii kukosa kuziona. Ziwa Victoria lina kisiwa ambacho chote ni mbuga ya kitaifa, na Bahari Hindi ina hifadhi ambazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuanzishwa baharini barani Afrika. Linalohitajika ni kufahamu maeneo hayo ni ya aina gani, yana kanuni zipi, na msafiri ajitayarishe vipi ili pesa zake zisipotee na maisha yake yasiwe hatarini.

Mbuga na hifadhi si kitu kimoja

Watu wengi hutumia maneno 'mbuga' na 'hifadhi' kana kwamba yana maana moja. Kisheria, yapo tofauti.

Mbuga ya kitaifa ni eneo ambamo shughuli za kujitafutia riziki kama vile kulisha mifugo, kukata miti na kuvua samaki zimepigwa marufuku. Husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS). Hifadhi ya kitaifa, kwa upande wake, huweza kuruhusu matumizi fulani ya wenyeji, na zile za nchi kavu kwa kawaida huwa chini ya serikali za kaunti. Masai Mara, kwa mfano, ni hifadhi wala si mbuga ya kitaifa.

Baharini tofauti hiyo huonekana wazi zaidi. Ndani ya mbuga ya baharini hairuhusiwi kuvua hata dagaa mmoja. Katika hifadhi ya baharini, wavuvi wa eneo hilo wanaweza kutumia mbinu za jadi kama madema na mishipi, lakini si juya linalokokotwa ufuoni wala mikuki ya kurushwa kwa bunduki, kwa kuwa zana hizo huharibu matumbawe na kuzoa samaki wachanga.

Ndiyo maana maeneo mengi ya pwani huwa na majina mawili. Kisite-Mpunguti, iliyo karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, ni mbuga na hifadhi kwa pamoja: Kisite ni mbuga, Mpunguti ni hifadhi. Mgeni anayemwona mvuvi akitega dema upande wa Mpunguti hana haja ya kudhani kwamba ameshuhudia uhalifu.

Mfumo wa Tanzania nao ni tofauti kidogo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 na ambayo ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini humo, ina vijiji ndani yake. Badala ya kuwahamisha wakazi, maji yake yamegawanywa katika kanda: zipo ambazo hazigusiki kabisa, zipo zenye matumizi yenye masharti, na zipo ambazo wavuvi huendelea na kazi zao chini ya kanuni za jumla.

Kisiwa kilicho karibu zaidi

Kwa mtu wa Kisii au Nyamira, kisiwa cha kwanza kufikiria ni Ndere. Kipo katika Ghuba ya Winam, upande wa Seme, Kaunti ya Kisumu. Kilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1986 na ukubwa wake ni kama kilomita 4.2 mraba pekee.

Udogo huo ndio unaokifanya kimfae mtu asiye na gari la kitalii. Msafiri huondoka Kisii kupitia Oyugis, Sondu na Ahero hadi Kisumu, kisha huabiri boti kutoka mjini au huendelea kwa barabara hadi fuo za Seme zinazotazamana na kisiwa. Akitoka mapema, anaweza kuzuru na kurejea siku hiyo hiyo.

Wakazi wakuu wa Ndere ni swala pala. Wapo pia viboko na mamba kandokando ya maji, kenge, pamoja na ndege wa majini kama vile furukombe, ambaye mlio wake husikika kabla ya boti kutia nanga. Katika maeneo yenye matete huishi nzohe, paa adimu anayependa kinamasi na ambaye huweza kujificha majini akiacha pua tu juu.

Jina Ndere husemekana kuwa lina maana ya mahali pa kukutania katika lugha ya Kijaluo. Masimulizi ya kale ya jamii hiyo huhusisha kisiwa na safari ndefu ya mababu waliokuja kwa kufuata bonde la Mto Nile.

Asiyependa kusafiri majini anaweza kusalia mjini Kisumu na kuzuru hifadhi ndogo ya swala pala iliyo kando ya ziwa, ambayo ilitengwa rasmi mwaka 1992. Shule za msingi hupendelea mahali hapo kwa sababu watoto hutembea kwa miguu bila hatari kubwa.

Ruma: Mwisho wa korongo

Upande wa kusini wa ghuba, kupitia Rongo na mji wa Homa Bay, kuna Mbuga ya Ruma. Si kisiwa, lakini hukaliwa kama kisiwa: imezungukwa na mashamba na vijiji vya Bonde la Lambwe, kati ya mteremko wa Kanyamwa na milima ya Gwassi.

Ruma ndiyo maskani ya mwisho nchini Kenya ya korongo. Huyu si yule ndege mwenye miguu mirefu anayeitwa kwa jina hilo hilo, bali ni mnyama mkubwa wa jamii ya swara mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wenye madoa meusi na meupe. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15 pekee. Anayetaka kumwona mnyama huyo katika ardhi ya Kenya hana mahali pengine pa kwenda.

Aidha, mbuga hiyo ina twiga, nyati, kongoni, taya na tohe. Vifaru walirejeshwa humo kuanzia mwaka 2012 baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Wapenzi wa ndege nao huja kumtafuta mbayuwayu wa buluu, ambaye huhamia hapo kutoka kusini mwa Afrika katikati ya mwaka na ambaye ni nadra kumwona kwingineko nchini.

Jina la Lambwe liliwatisha watu kwa miaka mingi kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Ugonjwa huo ndio uliochangia bonde hilo kubaki bila walowezi wengi, na kwa njia hiyo ukawahifadhi wanyama bila kukusudia. Hofu hiyo sasa imepungua. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeangamiza malale kama tatizo la afya ya umma.

Hata hivyo, mbung'o wenyewe hawajatoweka kabisa na wakiuma huumiza. Mgeni anashauriwa kuepuka mavazi ya buluu na meusi. Rangi hizo huwavutia mbung'o kiasi kwamba mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Mwenye muda wa siku mbili anaweza kuendelea hadi Mbita na kuvuka daraja kuingia Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya na ambako mwaka 1948 Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Ng'ambo yake ni Mfangano, kisiwa chenye michoro ya kale kwenye miamba. Visiwa hivyo viwili si mbuga, bali ni makazi ya watu, na mgeni hana budi kufuata taratibu za wenyeji.

Safari ya pwani

Hifadhi za baharini huhitaji bajeti kubwa zaidi, kwani kutoka Gusii hadi Bahari Hindi ni mwendo wa kuikata nchi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wengi husafiri kwa basi hadi Nairobi, kisha hupanda basi jingine au treni ya SGR, iliyoanza kuhudumu kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017.

Kaskazini mwa Mombasa kuna mbuga za baharini za Watamu na Malindi, zote zilizoanzishwa mwaka 1968. Kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna Kisite-Mpunguti, ambayo hufikiwa kwa boti kutoka Shimoni. Hapo pomboo huonekana mara nyingi, kasa huja kula nyasi za baharini, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita wakiwa na watoto wao.

Kisiwa cha Wasini, kilicho mkabala na Shimoni, ni mfano mzuri wa jinsi wenyeji wanavyoweza kunufaika. Kikundi cha wanawake husimamia njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko, na ada wanayotozwa wageni hubaki kijijini. Wahenga hawakukosea waliponena: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini uhifadhi una gharama zake. Mbuga ilipotengwa, wavuvi wa Shimoni na Wasini walipoteza maeneo waliyovua tangu enzi za babu zao, na malalamiko hayo hayajasahaulika. Jibu la wataalamu limekuwa kwamba samaki wanaoachwa kukua na kuzaana ndani ya mbuga huvuka mpaka na kuingia nyavuni mwa wavuvi walio nje. Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua katika miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao ili samaki warudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ikatuzwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wakati wa kwenda nao una umuhimu wake. Miezi ya kusi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, huja na upepo mkali na mawimbi, na maji huchafuka hivi kwamba matumbawe hayaonekani vizuri. Kuanzia Oktoba hadi Machi, bahari hutulia zaidi. Vile vile, ni vyema kuuliza kuhusu maji kujaa na kupwa: wakati wa bamvua maji hutoka mbali sana, na boti zinaweza kukwama au safari kubadilishwa saa zake.

Malipo, usalama na afya

Ada za kuingia katika mbuga za KWS hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, wala si kwa pesa taslimu langoni. Raia wa Kenya hutozwa ada ya chini kuliko wageni kutoka nje, almradi waonyeshe kitambulisho. Kwa kuwa viwango hubadilishwa mara kwa mara, ni heri kuvithibitisha kwenye mtandao huo kabla ya kuchangisha pesa za wanafunzi au za kikundi.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba ada hiyo ni ya kuingia tu. Boti, mwelekezi, chakula, pamoja na miwani na mrija wa kupumulia chini ya maji hulipiwa kando. Bei ya boti hukubaliwa kabla ya kuondoka ufuoni, na ni muhimu kuuliza kama ni ya boti nzima au ya kila abiria, na kama inajumuisha safari ya kurudi.

Usalama majini si jambo la kufanyia mzaha. Kila abiria, mtu mzima na mtoto, anafaa kuvaa jaketi la kuokoa maisha tangu boti inapong'oa nanga, wala si kuliweka chini ya kiti. Boti za abiria zinapaswa kuwa zimekaguliwa na kupewa leseni. Endapo nahodha anajaza watu kupita kiasi au hana jaketi za kutosha, msafiri ana haki ya kushuka.

Katika Ziwa Victoria, asubuhi ndiyo salama zaidi. Kuanzia alasiri upepo huvuma kwa nguvu na dhoruba huweza kuzuka ghafla. Aidha, gugu maji husukumwa na upepo na huweza kuziba njia ya boti kwa saa kadhaa. Wasimamizi wa ufuo, wanaojulikana kama BMU, ndio wanaofahamu hali ya siku hiyo na ndio wa kuulizwa kwanza.

Kuhusu afya, mtu wa nyanda za juu za Gusii hapaswi kujidanganya kwamba mbu wa ziwani ni sawa na wa nyumbani. Malaria imeenea zaidi kandokando ya ziwa na pwani, na mwili usioizoea huathirika zaidi. Ni busara kulala ndani ya chandarua, na kumwona daktari iwapo homa itatokea hata wiki kadhaa baada ya kurejea. Kuogelea katika maji ya ziwa yaliyotulia karibu na ufuo kunaweza kuleta kichocho.

Baharini, kanuni ni chache lakini ni kali: usikanyage matumbawe, usimguse kasa, usimlishe samaki, na usichukue kombe wala kipande cha tumbawe kama kumbukumbu. Tumbawe si jiwe, bali ni kundi la wanyama wadogo mno walio hai, na kipande kilichovunjwa na unyayo mmoja huchukua miaka mingi kukua tena.

Udongo wa Gusii na maji ya Ndere

Lipo jambo jingine linalomhusu mkazi wa Kisii na Nyamira hata kama hatawahi kupanda boti maishani mwake.

Mto Gucha huanza katika milima ya Nyamira, hupitia Kisii, kisha huteremka hadi Migori na kuingia Ziwa Victoria. Mto Sondu, unaopita mpakani mwa Nyamira na Kericho, hupokea maji ya vijito vya Nyamira na kuyamwaga katika Ghuba ya Winam, ghuba ile ile yenye Kisiwa cha Ndere. Mvua inaponyesha kwenye miteremko iliyolimwa hadi ukingo wa mto, udongo mwekundu na mbolea husombwa pamoja na maji.

Mbolea hiyo ndiyo mojawapo ya vyakula vya gugu maji, mmea wa kigeni ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa maneno mengine, gugu linalomzuia mgeni kufika Ndere na mvuvi kufikia nyavu zake hulishwa kwa sehemu na mashamba ya nyanda za juu.

Pwani imeshuhudia kisa kama hicho. Mto Athi, unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi na kupita Ukambani, hubadilika jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Wakati wa kaskazi, maji yake ya rangi ya matope husukumwa kuelekea Mbuga ya Baharini ya Malindi na kuyafunika matumbawe, ambayo huhitaji mwanga wa jua ili yaishi. Askari wa mbuga anaweza kumkamata mvuvi haramu, ila hana uwezo wa kuukamata udongo uliotoka mamia ya kilomita.

Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto, kutegemea kiwango cha juu zaidi cha mafuriko. Mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Katika mabonde mengi ya Gusii, mikaratusi ingali imesimama na matanuri ya matofali yangali yakifuka moshi, kwa sababu huleta pesa za karo na za chakula. Ni vigumu kumwambia mwenye robo ekari aache ukanda wa mita 6 bila kumpa mbadala.

Mbadala upo, ijapokuwa unahitaji msaada wa maafisa wa kilimo. Nyasi za nepia zikipandwa ukingoni hushika udongo na wakati huo huo hulisha ng'ombe wa maziwa. Matuta ya fanya-juu huzuia maji kuteremka kwa kasi. Mianzi nayo huweza kuvunwa bila kung'oa mizizi yake.

Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 huruhusu jamii na hata mtu binafsi kuanzisha hifadhi katika ardhi yake. Mteremko wa Manga, unaotazama Kisii na Nyamira, na vinamasi vichache vilivyosalia havitakuwa kamwe mbuga za kitaifa, kwani hakuna nafasi. Lakini vinaweza kulindwa kama maeneo madogo ya kutembelewa na shule na wageni, ada ikabaki mikononi mwa wenyeji kama ilivyo Wasini.

Mwanafunzi wa Nyamira atakayefika Ndere ataona kisiwa, swala na viboko. Mwalimu wake akimwonyesha pia maji ya kahawia yanayoingia ghubani kutoka Sondu, na kumweleza yalikotoka, basi atakuwa amejifunza kwamba mbuga hiyo haianzii ufuoni.